Jan, Ivan au Jovan? Jina la babu Yohana kwa mtoto anayezaliwa Poland

MwanaKagera
Wakuu, habari za jioni. Mke wangu anakaribia kujifungua mtoto wa kiume hapa Wrocław. Baba yangu ni Yohana, na kwetu mtoto wa kwanza wa kiume humrithi babu jina. Tumebaki na matatu: Jan, Ivan, Jovan. Lipi nichukue?

Mama Baraka
Ndugu, mbona hujatueleza kitu? Mkeo ni mtu wa wapi? Mnasali wapi? Mtoto atakulia huko huko? Na kwa nini usimwite Yohana mwenyewe, mambo yakaisha?

MwanaKagera
Dada, mke ni wa Lviv, Ukraine, Mkatoliki wa Kigiriki, yaani wanamtii Papa ila ibada zao ni za mashariki. Mimi Mlutheri. Tutabaki Poland. Jovan lilitoka kwa rafiki yake wa Belgrade, Serbia.

MkaziWaPraha
Yote hayo ni Yohanan wa Kiebrania, yaani Mungu ana neema. Wagiriki walilipeleka kwa Waslavoni wa mashariki na wa kusini, likawa Ivan na Jovan. Kilatini, lugha ya Wakatoliki wa Roma, kikalipeleka kwa Wacheki na Wapolandi, likawa Jan. Chukua Jan. Hapa Cheki ni jina la Jan Hus, mhubiri aliyechomwa moto Konstanz mwaka 1415. Huko Poland ni la mfalme Jan wa Tatu Sobieski aliyepigana Vienna mwaka 1683, na hata Papa Yohane Paulo wa Pili wao wanamwita Jan Paweł. Mwanao hatapata usumbufu kwa karani yeyote.

Msomi_Zagreb
Kaka wa Praha, Wakroatia ni Wakatoliki wa Roma na Ivan wamejaa kila mtaa. Jirani zao Waserbia, ambao lugha zao wanaelewana kabisa, ni Waorthodoksi na ndio wenye Jovan. Jovanović limetapakaa Serbia nzima. Slovenia utawakuta Janez, Ivan na Jan darasa moja. Kwa hiyo Ivan si jina la upande mmoja, na ndilo zuri kuliko yote. Jovan futa, Poland halina mwenyewe.

Mama Baraka
Ivan kwa sasa hivi, tena Poland? Watu watadhani mtoto ni Mrusi.

Msomi_Zagreb
Mama, hapo umewaonea watu wa Lviv. Ivan Franko, mshairi wao mkubwa, alisoma na kufia huko huko. Mji wa Stanislav ulibadilishwa ukaitwa Ivano-Frankivsk mwaka 1962 kwa heshima yake. Mkwe wa MwanaKagera akitaka Ivan, anataka jina la kwao.

DadaWaGdańsk
Tuache historia, mimi niwaeleze karatasi. Mume wangu naye ni wa Ukraine. Cheti cha kuzaliwa cha Poland tuliandika Jan. Bibi wa mtoto akambatiza Ivan, na karatasi za upande wa baba zikafuata ubatizo. Hatukuona shida, nyumbani tunamwita Jaś, yaani Jan la kumdekeza, na anaitika. Siku tunaandaa safari, ofisi moja ikakataa katakata kwamba Jan na Ivan ni mtoto mmoja. Nikaenda kwa mtafsiri aliyeapishwa, akaniambia jina la mtu halitafsiriwi, yeye anaandika anachokiona. Nikarudi ofisini na tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi, picha, vyote vinalingana. Wakasema jina ndilo tatizo. Tiketi tulizokwisha kulipia zikapotea. Mwisho tukasahihisha karatasi za upande mmoja, kwa ada na kwa kupanga foleni upya kila mara. Chagueni moja, liandikeni herufi kwa herufi kila mahali, hadi kanisani.
Na Yohana kamili msiandike bila kufikiri. Poland jina likiishia na a wanasoma la kike, na Joanna, ambalo wanalitamka Yoanna, ni la wanawake. Mtoto atadhaniwa msichana kila anapopangiwa daktari.

MwanaKagera
Hilo la Joanna mke wangu amelithibitisha sasa hivi. Lakini inaniuma, maana baba anataka kusikia Yohana.

MkaziWaPraha
Poland wanaruhusu majina mawili. Jan la kwanza, Ivan la pili.

DadaWaGdańsk
Kwani hayo si jina lile lile mara mbili?

Kitabu_Wazi
Naomba kuuliza nje ya mada. Nina rafiki Mlithuania anaitwa Jonas. Huyo ni Yona wa nyangumi?

Msomi_Zagreb
Hapana, ni Yohana. Ile s ni mwisho wa majina ya kiume kwao. Walatvia wana Jānis, na usiku wa tarehe 23 Juni wanawasha mioto, kina Jānis wanavikwa mataji ya majani ya mwaloni.

Mama Baraka
Tarehe 24 Juni ndiyo sikukuu ya Yohana Mbatizaji. Poland kina Jan wanasherehekea siku hiyo, na Wakatoliki wa Kigiriki wa Ukraine walihamia kalenda mpya Septemba 2023, kwa hiyo bibi wa Lviv naye atakuwa siku hiyo hiyo. Bulgaria kina Ivan ni tarehe 7 Januari, Serbia kina Jovan tarehe 20.

MwanaKagera
Jovan tumeliondoa. Mama mkwe hajaachia Ivan, mke ameanza kuelekea Jan, baba nitampigia Jumapili.

Kitabu_Wazi
Na Wahungaria, János inatamkwaje?

MkaziWaPraha
Yaanosh. Kwao s ni sh.