MREJESHO: Mwanangu kakubaliwa shule California na kadi ya kliniki ya Bongo

Wadau asanteni sana. Niliuliza hapa kijana wangu wa miaka 6 kakataliwa kuanza shule California sababu ya chanjo wakati kadi yake ya Tanzania imejaa. Sasa iko hivi, kadi wameikubali, nesi wa wilaya ya shule kaihesabu moja moja, penta (sindano moja yenye chanjo tano, ikiwemo ya homa ya ini B na pepopunda) zote 3 zimehesabiwa na homa ya ini ikawa imekamilika, tatizo ni kwamba sindano yetu ya surua-rubella haina matumbwitumbwi na tetekuwanga huko kwetu haimo kwenye chanjo za kawaida za watoto, halafu pepopunda na polio wanataka dozi baada ya kutimiza miaka 4. Akachomwa 4 siku moja, maskini alilia mpaka na mimi machozi yakanitoka. Hatukulipia chanjo, kuna mpango wa serikali kwa watoto wasio na bima.

Kaanza shule kwa masharti, zilizobaki anamalizia kwa tarehe walizopanga. Na msitafute barua ya imani ya dini ili mtoto asichanjwe, California walishaifuta tangu 2016. Jamani kadi za watoto msizitupe!