Kinu cha Palisades kilishafungwa, leseni ikageuzwa kirudi kazini: tathmini fupi ya mazingira ilitosha kweli?

Mwanzisha mada

Wakuu habari za Jumapili. Naleta hili tulijadili bila kushikana mashati, maana huku kwetu Michigan magharibi ukilitaja tu kwenye pilau la watu meza inagawanyika pande mbili na chai inapoa.

Kwa asiyekijua, Palisades ni kinu cha nyuklia cha megawati kama 800, kiko Covert, ukingoni kabisa mwa Ziwa Michigan, kusini kidogo ya South Haven. Kilianza kazi 1971. Kikazimwa Mei 20, 2022, fueli ikatolewa yote ndani ya kinu na Tume ya Nyuklia (NRC) ikaandikiwa rasmi kwamba humu hairudi tena. Kampuni ya Holtec wakakinunua ili wakibomoe. Hata mwaka haujaisha wakageuka, wakasema hapana bwana, tunakiwasha. Sasa kanuni za Marekani zina njia ya kufungua kinu na njia ya kukifunga, ya kukifufua haikuwepo, ikabidi waombe kusamehewa kipengele kimoja halafu waombe marekebisho kadhaa ya leseni ili yale maneno yaliyofutwa yarudi. Na ukigusa leseni kiasi hicho sheria ya mazingira, ile NEPA, inadai mapitio.

Mapitio yenyewe yako mawili. Kuna tathmini kamili, inakula miaka na kurasa mia kadhaa, na kuna tathmini fupi ambayo ikiona hakuna athari kubwa basi faili linafungwa. NRC walichukua fupi. Rasimu ikatoka Januari 2025, wananchi wakapewa siku 30 kutoa maoni, mwisho wa Mei jibu likaja: hakuna athari kubwa. Julai marekebisho ya leseni yakapitishwa, Agosti kinu kikahesabiwa tena ni cha uzalishaji.

Mimi si adui wa nyuklia, nasema mapema kabla hamjanivaa. Ila kitu cha kwanza Marekani kukifanya, kufufua kinu kilichokwisha kutangazwa kimekufa, unakipitisha kwa mlango mdogo? Na tazameni tarehe. Mkopo wa serikali kuu wa dola bilioni 1.52 ulisainiwa Septemba 2024. Rasimu ya tathmini, Januari 2025. Ushaposa, ushalipa mahari, ndo unauliza kama binti yupo tayari?

Fundi umeme

Mkuu heshima yako ila hapo kwenye "kimekufa" umetia chumvi. Leseni haikufa. Waliandika kwamba hawaendeshi tena, ni kweli, lakini leseni yenyewe ilibaki hai muda wote na tarehe yake ya mwisho ni 2031 ile ile. Ni kama gari umelipaki juu ya mawe ukatoa betri, kadi bado ina jina lako.

Pili, tathmini kamili ILIFANYIKA. 2006, walipokuwa wanaomba kuongezewa miaka 20, NRC waliandika tathmini kubwa ya kinu hicho hicho, ziwa hilo hilo, samaki hao hao, mpaka 2031. Sasa mnataka waandike upya nini? Hajengi kitu kipya, hachimbi, bomba la kuvutia maji lipo pale tangu enzi za Nixon. Kila kinachofyonzwa na kinachomwagwa kinajulikana kwa miaka 50. Nimeshafanya vibarua kwenye vinu kadhaa wakati wa matengenezo, zile wiki wanazozima kubadilisha fueli, na nakwambia hakuna sehemu utapimwa mionzi kama pale, unapimwa unaingia unapimwa unatoka, hata biro yako inapimwa.

Halafu ajira kama 600 pale, usisahau.

Dada wa Grand Rapids

Fundi samahani kaka yangu lakini 2006? Mwaka 2006 mimi nilikuwa bado Uvira. Na hilo unaloliita ziwa hilo hilo si hilo hilo. Januari 2013 lilishuka chini kuliko kipimo chochote tangu waanze kulipima, mwaka 2020 likapanda mpaka karibu na rekodi ya upande wa pili, tofauti zaidi ya mita moja na nusu kwa miaka saba tu. Nyumba za watu zilikuwa zinaning'inia kwenye vilima vya mchanga, ngazi za kushukia ufukweni zimekatika katikati kama meno. Sisi tuliona kwa macho. Na kwenye ufukwe huo huo ndiko yamepangwa makasha ya zege yenye fueli iliyokwisha kutumika, hayana pa kwenda maana nchi nzima haina kaburi la kudumu la huo uchafu. Ukiwasha unaongeza makasha. Hiyo haistahili kuandikwa upya?

Fundi umeme

Dada makasha yapo pale uwashe usiwashe. Ungebomoa kesho bado yangebaki.

Dada wa Grand Rapids

Ndiyo, yapo. Nikiwa na deni dukani unaniongezea unga kwa sababu deni lipo?

Kijana wa Kalamazoo

hahaha dada kamaliza 😂

ila mimi nipo na fundi. Tuseme ukweli, kinu kilipozimwa 2022 lile pengo halikuzibwa na upepo, gesi ndo inabeba mzigo mkubwa huku. Watu wanaopigania mazingira wakapigana kuzuia umeme usiotoa moshi, mwisho wa siku hewa tunaivuta wote. Hata gavana wa Democrat na Washington ya vyama vyote viwili wamekiunga mkono, jimbo limetia dola milioni 300 za walipa kodi. Ukidai miaka mitatu ya makaratasi maana yake unakiua kimyakimya, tusidanganyane, leseni inaisha 2031, mwekezaji gani anasubiri mpaka 2028 awashe miaka mitatu?

Mwanzisha mada

Kijana hoja yako ya muda naielewa na ndo ngumu kuliko zote, sina jibu jepesi. Lakini angalia ilivyo kwa upande wa pili: nani aliyechelewa? Aliyezima alijua anazima.

Fundi, kuhusu "hakuna kipya". Septemba 2024 NRC wenyewe walitoa taarifa kuhusu majenereta ya mvuke. Kwa wasiojua, ni mapipa mawili makubwa yenye maelfu ya mirija myembamba, ndani ya mirija yanapita maji ya moto yaliyotoka kwenye kinu, nje yanachemka maji mengine yanakuwa mvuke wa kuzungusha mashine. Ukuta wa mrija ndo mpaka kati ya maji yenye mionzi na maji yasiyo nayo, na ni mwembamba hivi, kama milimita moja tu. Mirija zaidi ya elfu moja ilikutwa na dalili za nyufa za kutu. Wapinzani wakadai kinu kilivyolala yale mapipa hayakuwekwa kwenye maji yenye dawa ya kuzuia kutu inavyotakiwa. Holtec wakatia mirija midogo ndani ya ile mibovu, bomba ndani ya bomba. Inawezekana ni tiba nzuri kabisa. Ila usiniambie kinu kilichozimwa na hiki kinachowashwa ni kimoja kisa tathmini ya 2006 imekitaja jina.

Fundi umeme

Unachanganya mafaili mkuu. Mirija ni suala la USALAMA na lilikaguliwa kwenye faili la usalama, wakaguzi wake wengine kabisa. Mapitio ya mazingira yanauliza maji, hewa, samaki, mimea, kelele, barabara, mambo ya kale. Ukitaka kila kitu kiwe mazingira hutamaliza. Na kutia mirija ndani ya mirija si ajabu, vinu vingine vimefanya.

Msoma sheria

Nimekuwa nasoma tu, naomba niingie. Wote mnagusa kitu ambacho wanasheria wanakiita msingi wa kulinganisha. Unasema "hakuna athari kubwa" ukilinganisha na NINI? Ukilinganisha na kinu kilivyokuwa 2021 kinaunguruma, kweli hakuna kubwa. Ukilinganisha na kinu kilivyokuwa 2023, kimya, hakimwagi maji ya moto ziwani, hakifyonzi samaki, basi kila kitu ni kipya. NRC hawakukwepa swali moja kwa moja, walisema usipobadilisha leseni kinabaki kwenye ubomoaji, lakini ukisoma hoja zao zinaegemea sana kile kilichowahi kupimwa na ile ya 2006. Vikundi vya wananchi walienda kudai tathmini kamili mbele ya jopo la majaji wa tume, Machi 2025 wakakataliwa. Halafu Mei 29 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya reli ya Utah, ikasema majaji wawaachie wataalamu wa serikali nafasi kubwa kuamua NEPA iende mbali kiasi gani. Kwa hiyo mlango wa mahakamani umebaki mwembamba.

Binafsi naona NRC wapo ndani ya sheria. Kama ilikuwa busara, hilo sasa ni swali jingine. Nyuma ya Palisades wapo Three Mile Island namba 1 kule Pennsylvania, Microsoft keshakubali kununua umeme wake, na Duane Arnold kule Iowa. Njia aliyopita wa kwanza ndo itakuwa barabara.

Mtu wa Kilifi

Wandugu salamu kutoka Pwani ya Kenya. Nawasoma huku nacheka na kulia. Sisi Uyombo walitaka kutuletea kinu karibu na Mida Creek na msitu wa Arabuko Sokoke, 2024 watu wakaandamana wakapigwa, sasa lugha imehamia Siaya. Nyinyi mwabishana tathmini fupi au ndefu, sisi kikao cha maoni twasikia kimefanyika baada ya chakula kuisha. Swali langu kwa fundi: hizo siku 30 za maoni ziliwahi kubadilisha chochote pale?

Mwanzisha mada

Nijibu mimi maana hili nalipenda. 1971, kabla kinu hakijaruhusiwa kwenda nguvu kamili, wavuvi wa burudani na wanamazingira waliingia kwenye kesi ya leseni wakang'ang'ana. Hofu yao ilikuwa maji ya moto kurudishwa ziwani. Mwisho kampuni ya wakati huo ikakubali kujenga minara ya kupoozea na kupunguza uchafu wa mionzi unaomwagwa. Ile minara unayoiona ukisimama ufukweni Van Buren State Park, ikitoa mvuke mweupe wakati wa baridi, haikuwemo kwenye mpango. Ililetwa na wavuvi.

Fundi umeme

Hilo nakubali. Na ndo maana nasema athari za ziwani ni ndogo SASA, kwa sababu zilishashughulikiwa wakati ule 😄

Dada wa Grand Rapids

Kaka umeipindua vizuri sana. Wavuvi wale wangeambiwa siku 30 na karatasi fupi, ungeona mnara?

Mume wangu anavua pale gati ya South Haven, sangara wale wadogo wa njano, anarudi na ndoo nusu. Kinu kilipozimwa sikuwa nauliza kitu. Juzi nimemuuliza, wametoka upande gani wa gati? Akaniangalia tu, akaendelea kuparua magamba.

Kijana wa Kalamazoo

Na ukawala?

Dada wa Grand Rapids

Nimewakaanga na pilipili, tumewala wote. Lakini nimeuliza.

Mtu wa Kilifi

Na vile vinu vidogo viwili nasikia Holtec wataka kuvijenga hapo hapo, navyo ni karatasi fupi?

Mwanzisha mada

Hivyo ni faili jingine ndugu, vya kujengwa upya kabisa, na hapo ile ya "hakuna kipya" fundi hataweza kuitumia. Nafungua uzi wake.