Tupeane uzoefu: kusi, kaskazi na mvua za Kaunti ya Kilifi

Mwanzisha mada, Kilifi mjini
Ndugu zangu, masika yetu huanza Machi au Aprili hadi Juni, Mei ikiwa kilele, na vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Hata hivyo Kilifi hainyeshewi sawasawa: ukanda wa bahari huweza kupata milimita 1,300 kwa mwaka, ilhali sehemu kavu za bara hupata 300 hivi. Naomba kila mmoja aeleze misimu inavyomfikia pale alipo na namna anavyoipangia kazi.

Mkulima, Bamba
Mimi nimeolewa huku kutoka Takaungu, kule pwani, ambako mama yangu hupanda mahindi akiwa na matumaini makubwa kila masika. Huku bara, unyevu unaoletwa na kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, huwa umekwisha kumwagika kwa wingi karibu na pwani, kwa hiyo mvua mbili nzuri zaweza kufuatwa na jua la wiki kadhaa, na mahindi yakanyauka yanapoanza kutoa mbelewele. Ndiyo maana mimi hupanda kavu kabla ya mvua, shamba kubwa likiwa la mtama, kunde na pojo, na mahindi nikiyaachia bondeni tu. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, ng'ombe wetu waliisha. Mbuzi walistahimili kwa sababu hula majani ya vichaka. Kwa maoni yangu, anayeanza kufuga huku aanze na mbuzi.

Mvuvi, Mayungu
Kwetu upepo ndio unaopanga mwaka. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huwa kali, na sisi wenye vyombo vidogo huvua ndani ya mwamba. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikishatulia, kuanzia Desemba hadi Machi, ndipo tunapotoka nje kutafuta nguru na jodari. Mama wa Bamba, kuhusu kuanza na mbuzi nakuunga mkono.

Mkulima, Garashi, kando ya Mto Sabaki
Nasi tuna taabu ya namna nyingine, kwa kuwa mafuriko yetu huweza kufika mbingu ikiwa nyeupe kabisa. Maji ya Sabaki hutoka mbali, kwenye nyanda za juu upande wa Nairobi, yakapita Athi na Galana, majina ya mto huu huu huko juu, kabla ya kutufikia, kwa hiyo mvua ya huko hutuharibia migomba na mahindi hapa. Tope hilo hilo ndilo linalorutubisha mashamba, na ndilo linalogeuza bahari ya Malindi kuwa nyekundu wakati wa kaskazi, kama mvuvi anavyojua. Tangu mafuriko ya El Niño ya mwisho wa 2023, pampu ya maji haikai tena ukingoni usiku, na kila vuli mimi huwapigia simu jamaa walioko upande wa juu kuuliza kama mto umeanza kujaa.