Portland: asilimia 29.2 imeuzwa, sisi wenye hisa chache tutanunuliwa?

Mfugaji_Kitengela
Wakuu, habari za jioni. Nimeona tangazo la Agosti 2025: Kalahari Cement, walio upande mmoja na Amsons wa Tanzania, wanachukua asilimia 29.2 ya kampuni ya saruji ya East African Portland kutoka kwa Holcim wa Uswisi, shilingi 27.30 kila hisa. Sokoni bei iko juu sana ya hapo. Kwenye kundi letu la WhatsApp wanasema hiyo ni hatua ya kwanza tu: Amsons walishachukua Bamburi, kampuni nyingine ya saruji, sasa watataka Portland nzima na sote tutalipwa vizuri. Nina hisa 2,000, na pesa za mbuzi niliouza juzi bado ziko kwa simu. Niongeze?

MamaZuhura_Kisauni
Mwanangu, hizo pesa za mbuzi zishike kwanza.

Nilikuwa na hisa za Bamburi, na ile habari niliifuata karatasi kwa karatasi. Holcim aliwauzia Amsons Mbeya Cement ya Tanzania, na pia akauza Hima kule Uganda. Anayeuza majirani wawili atabaki na Bamburi yake ya nini? Julai 2024 Amsons wakaja na zabuni ya shilingi 65 kwa hisa, sokoni ikiwa kwenye 45 hivi. Washindani wao, Savannah Clinker, wakaweka 70, baadaye 76.55. Desemba hao Savannah wakajitoa. Waliokuwa wakihesabu 76.55 walilipwa 65 ileile.

Lakini kule Bamburi, Amsons walitaka hisa za kila mtu, hata zangu. Hapa Portland mwenye fungu kubwa anamuuzia mwenzake fungu lake, basi. Sheria ya Kenya inasema ukifika asilimia 25 uwatangazie bei wenyehisa wote, isipokuwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikusamehe sharti hilo. Kwa hivyo fungua tangazo lenyewe, si picha iliyokatwa nusu, utafute aya inayosema kama mnunuzi anaomba kusamehewa. Akiomba, anakwambia waziwazi kuwa hana haja na hisa zako.

Halafu piga hesabu ya wenye kampuni. Bamburi, ambaye sasa ni wa Amsons, ana asilimia 12.5 ya Portland, ukijumlisha na 29.2 ni 41.7. Zilizobaki kubwa, tangazo hilo lilipotoka, zilikuwa kwa Hazina ya Taifa na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Hizo ni mali ya umma, kwa hivyo Bunge litaingia, na Bunge halina haraka.

DalaliMstaafu
Mama amesema kweli, ila nina neno. 27.30 ni bei ya mtu anayetaka kuondoka, haipimi thamani ya kampuni. Ardhi ya Athi River peke yake inatosha kumfanya mtu ashike hisa zake. Mimi nisingeuza.

MamaZuhura_Kisauni
Kushika sawa, kaka. Kijana anauliza kuongeza, kwa ajili ya zabuni ambayo hakuna aliyeitangaza. Na hata ikitangazwa, haiji kwa kila hisa. Diageo alipotoa shilingi 192 kwa kila hisa ya EABL, kampuni ya bia, alitaka kutoka asilimia 50.03 hadi 65 tu. Dirisha likafungwa 2023, bei ikashuka, na aliyenunua kwa pupa akabaki nazo.

Mfugaji_Kitengela
Asante mama. Nimelipata tangazo lote. Aya ya msamaha ipo, ukurasa wa pili. Hizi 2,000 nazishika kwa sababu ya ardhi, kama alivyosema mzee. Za mbuzi zinaenda kwa lishe ya ng'ombe.

DalaliMstaafu
Ukisikia Hazina au NSSF wanauza, rudi hapa siku hiyohiyo. Hapo hesabu itabadilika.