Mmea wa mchangani Kigamboni: tako la hasani au mwingine?

Mkazi wa Gezaulole: Salaam wakuu. Mvua zimeanza na uwanja wangu, mchanga mtupu, umejaa mmea unaotambaa. Shina jekundu lenye majimaji, majani madogo manene. Jirani mmoja anasema ni tako la hasani, nichume nipike. Mwingine anasema nisithubutu. Nimfuate nani?

Bibi Bustani: Vunja shina kwanza, mwanangu. Likitoa maziwa meupe, hiyo ni jamii ya mziwaziwa. Usiile, wala usijishike macho, utomvu wake unaunguza. Tako la hasani (Portulaca oleracea) halitoi maziwa.

Fundi Miche: Shikamoo bibi. Hilo la maziwa ni sahihi, lakini mziwaziwa jani lake ni jembamba, si nene. Anayewapoteza watu ni Trianthema portulacastrum: naye hutambaa, naye ana majani manene, naye hana maziwa.
Mkuu, chuchumaa uangalie majani. Ya Trianthema hukaa mawili mawili yakitazamana, moja kubwa jingine dogo, na pale kikonyo kinaposhika shina pana kijifuko. Ya tako la hasani hujikusanya kwenye ncha za matawi. Ua ndilo linalomaliza ubishi: tako la hasani ni la njano na hufunguka jua likiwaka, la Trianthema ni la waridi au jeupe, limejibana kwapani mwa jani.

Mvuvi wa Kunduchi: Kama ni karibu na bahari, kuna Sesuvium pia. Huku ufukweni ipo. Majani yake ni marefu kidogo, maua ya waridi, na matawi huota mizizi kwenye vifundo.

Mkazi wa Gezaulole: Bahari iko mbali na kwangu. Nimevunja shina, maziwa hakuna. Majani ni mawili mawili, moja limezidi jingine, na ua nililolipata ni la waridi, limejificha kwapani.

Fundi Miche: Basi ni Trianthema. Usipike. Ling'oe sasa kabla halijamwaga mbegu, la sivyo mvua zijazo utalikuta tena uwanja mzima.

Bibi Bustani: Marahaba, Fundi. Na siku ukipata tako la hasani lenyewe, utaona kitumba cha mbegu: juu kinabanduka kama kifuniko cha sufuria, ndani mbegu ndogo nyeusi. Usichume kando ya mtaro wa maji machafu. Lichemshe, maji yake uyamwage, maana lina oksaleti nyingi, yaani chumvi zinazochangia mawe ya figo. Mwenye mawe ya figo aliache.