Dada kwa Kibengali ni kaka???

Wadau, jirani yangu Mbengali anamuita kaka yake mkubwa "dada", hii imekaaje?

>> Yuko sahihi mkuu, kwao dada ni kaka mkubwa. Kihindi sasa dada ni babu mzaa baba, na kaka kwa Kigujarati ni baba mdogo, waulize Wagujarati wa Mombasa watakwambia.

>> Kijojia ndo kiboko, mama maana yake baba, mama mzazi wanamuita deda! Na Kipolandi baba ni mwanamke, tena neno lenyewe halina heshima sana.

>> Chanzo watoto wachanga, m, b na d ndo sauti zinazowatoka mapema maana ni rahisi, wazazi kila mahali wakadhani wanaitwa wao, kila lugha ikampa mtu wake bila kuazimana.