Nampeleka mama Washington mwezi wa saba, siku tatu, magoti yanamsumbua. Nianzie wapi?

MamaWawili
Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu kaja kutoka Masasi yuko na sisi hapa Columbus, Ohio mpaka mwezi wa tisa, sasa shule zikishafungwa nataka twende wote Washington siku tatu katikati ya mwezi wa saba. Ana miaka 71, akitembea kidogo tu anatafuta pa kukaa, ila ni mtu wa kudadisi sana, kafundisha historia miaka mingi na tangu afike ananiuliza ikulu yao ikoje, Lincoln kazikwa wapi. Watoto wana miaka 9 na 6. Tutakuja na gari. Naogopa kumtembeza bi mkubwa juani mpaka augue, naombeni mwongozo, nini kisikose na nini niache?

Mkazi wa Silver Spring
Karibu sana dada. Mimi huku jirani na Washington mwaka wa 14 sasa na kila kiangazi napokea wageni. La kwanza gari liache hotelini, pakingi mjini ni ghali na utazunguka mpaka watoto walie. Chukua hoteli iliyo jirani na kituo cha treni za Metro hata kama ni upande wa Virginia au Maryland, nunua kadi ya SmarTrip ya kulipia nauli, vituo vyote vina lifti ila angalia kwanza mtandaoni kama lifti ya kituo chako siku hiyo inafanya kazi.

La pili, watu wakiona ramani wanadhani pale Mall, ile bustani ndefu yenye makumbusho na minara, ni uwanja mmoja tu unavuka mara moja. Kutoka Capitol, jengo la bunge lao, mpaka kwenye jengo la kumbukumbu ya Lincoln ni kama kilometa 3 na sehemu kubwa haina kivuli, na Julai joto linapita digrii 30 halafu lile la unyevu, jasho la Dar mwezi wa pili, mchana unaweza kupigwa na mvua ya radi ghafla. Kwa mzee fanya hivi, kuanzia saa nne asubuhi muingize ndani kwenye makumbusho ya Smithsonian, kuingia ni bure, kuna kiyoyozi, na viti vya magurudumu wanaazimisha bure, omba pale mlangoni usione aibu. Kwa Lincoln mpeleke usiku. Pako wazi saa 24, taa zinawaka, sanamu yenyewe ina karibu mita 6 na kakaa kwenye kiti, hata magoti yakikataa ngazi anaonekana toka chini kabisa. Wale watoto wapandishe, kuna jiwe kwenye ngazi limeandikwa pale aliposimama Martin Luther King tarehe 28 Agosti 1963. Na mwambie mama Lincoln mwenyewe kazikwa Springfield, Illinois.

Kuchele
Dada umesema mama ni wa Masasi na ni mwalimu wa historia, basi mimi nakuomba kitu kimoja tu, makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi asiyakose. Lile jengo la rangi ya shaba karibu na mnara wa Washington, lilifunguliwa 2016, na mmoja wa waliolichora, David Adjaye, kazaliwa Dar es Salaam, baba yake alikuwa mwanadiplomasia wa Ghana. Unashuka na lifti mpaka chini ya ardhi historia inaanzia huko.

Nilienda 2018 na baba yangu mdogo. Tukakuta vyuma vizito vya meli ya watumwa inaitwa São José, ilitoka Msumbiji Desemba 1794 na watu zaidi ya 400 ikielekea Brazili, ikazama karibu na Cape Town na karibu nusu wakafa. Vile vyuma viliwekwa kuipa meli uzito kwa sababu miili ya watu ni myepesi kuliko mzigo wa kawaida. Baba mdogo ni Mmakua, na watu wa kule Msumbiji walikotoka mateka ni Wamakua vilevile, mto Ruvuma ndio unatutenganisha. Mwaka 2015 chifu wao alitoa udongo kwenye kikapu ukamwagwa baharini pale ilipozama, ili wale watu walale kwenye ardhi ya kwao. Mzee alisimama pale muda mrefu sana hakuongea. Sisi huwa tunadhani habari ya Marekani ni ya Afrika Magharibi tu.

Baba Neema
Nakubaliana na Kuchele ila yule wa miaka 6 usimshushe kule chini, kuna jeneza la Emmett Till, yule kijana mweusi wa miaka 14 aliyeuawa na wazungu 1955, ni mazito kwa mtoto. Mmoja wenu apande nao juu kwenye muziki na michezo, au waende makumbusho ya viumbe ni jirani tu, mlangoni kuna tembo wa Afrika mkubwa mno, hakuhitaji hata kuomba nafasi mapema kama huko kwa Kuchele. White House, hiyo ikulu yao, kuingia ndani inaombwa mapema kupitia mbunge wenu, mkichelewa mtaishia kwenye uzio, piga picha dakika kumi muondoke. Chakula bebeni, magari ya pale barabarani yanauza chupa ya maji bei ya ajabu. Jioni nendeni migahawa ya Kihabeshi, mama atakula kwa mkono kama nyumbani.

MamaWawili
Asanteni sana jamani. Mama nimemsomea yote jana usiku, ile ya udongo kanirudisha mara mbili, halafu kasema White House tuache. Kuchele hiyo nafasi ya makumbusho yako inachukuliwaje, na watoto nao wanahitaji?

Kuchele
Kwenye tovuti yao, bure, wanafungua mwezi mmoja kabla saa mbili asubuhi na zinaisha haraka. Kila mtu na yake, hata mtoto.

MamaWawili
Nimepata! Tano, Jumatano asubuhi. Mama ameshatoa kitenge cha kuvaa.